Jiwe Nililolisimika Baada ya Machweo

Vijana wangu mnaoanza kazi ya upimaji wa ardhi, nasikia siku hizi mnakabidhiwa mashine siku ya kwanza kazini, kabla hata hamjaonyeshwa choo kiko wapi. Si vibaya. Sisi tulikabidhiwa panga. Mwaka wangu wa kwanza wote niliumaliza nikifyeka vichaka, ili mzee aliyenifundisha kazi aweze kuchungulia kwenye darubini yake kutoka kilima hadi kilima. Mzee huyo aliitwa Ndabise, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kofia ya pama ambayo nadhani alilala nayo.

Mzee Ndabise hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na moja aliloturudishia hadi likatuchosha: "Kipimo kimoja ni uvumi." Ukipima leo, utapima tena kesho. Ukipima jioni, utarudi asubuhi. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kisha tukaenda Kibondo kupima viwanja vya nyuma ya soko, nami nikapima mstari mzima kwa utepe wa chuma uliowahi kukatika na kuungwa na fundi wa baiskeli. Fundi alikuwa ameuunga vizuri sana, ila alikuwa ameupunguza shubiri moja. Mzee aliporudia kwa utepe mwingine, kila kiwanja kikamkatalia. Tulipima upya vyote kwenye jua kali, na hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne aliniambia nimletee chai, nikajua nimesamehewa.

Nawasimulia hayo mapema ili mjue kwamba sikukosea kwa kukosa mwalimu. Mwalimu nilikuwa naye.

Mashine za setilaiti zilipofika ofisini kwetu Kasulu, mimi nilikuwa wa kwanza kuzishangilia. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kulalamika. Mlingoti mmoja, kichwa chake cheupe kama sufuria iliyofunikwa, kioo kidogo mkononi, na unajua mahali uliposimama kwa usahihi wa upana wa kidole. Hakuna kufyeka, hakuna kupanda kilima. Kule Kibondo dereva mmoja wa bodaboda aliniuliza kama inaweza kumwonyesha mke wake yuko wapi, maana ameondoka na simu haipokei. Nikamwambia mashine hii inaniambia nilipo mimi tu. Akaitazama kwa huruma. "Basi haina faida, mzee. Kwani wewe hujijui ulipo?"

Nilicheka sana. Baadaye sikucheka tena, kwa sababu ilikuja jioni ambayo sikujijua nilipo, na nikawaambia watu najua.

Kabla ya kupewa mashine hizo tulipelekwa mafunzo ya siku tano. Siku ya nne mkufunzi alitueleza kuhusu tabaka la juu kabisa la anga, huko ambako hewa ni nyembamba na imejaa chembe zenye umeme. Mawimbi ya setilaiti hupita humo yakishuka kwetu. Jua likichafuka, alisema, tabaka hilo nalo huchafuka, na mawimbi hutikisika, hupotoka, hata hukatika. Akatuonyesha picha za nchi za ncha za dunia, barafu tupu, na juu yake mbingu yenye mapazia ya kijani na zambarau. Huko, alisema, wapimaji na marubani wanahangaika sana na mitikisiko hiyo. Tulipiga miluzi ya kustaajabia zile rangi. Mimi nikaandika kwenye daftari: "Mambo ya ncha za dunia. Hayatuhusu." Daftari ninalo mpaka leo hapa nyumbani kwangu Heru Juu, na ukurasa ule sijauchana.

Sasa niwapeleke kijiji cha Nyakitonto.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua ziko mlangoni, na sisi tuna vijiji vingi vya kumaliza kabla barabara hazijawa tope. Familia mbili jirani ziliomba ofisi iwarudishie jiwe la mpaka. Mashamba yao yalikuwa yamepimwa vizuri miaka ya nyuma, hati za kimila wanazo, na namba za kila pembe zimo kwenye hati. Ila jiwe la pembe ya chini, kule bondeni, lilikuwa limezolewa na maji. Kazi yangu ilikuwa kuingiza zile namba kwenye mashine, kuifuata inaponielekeza, na kusimika jiwe jipya palepale lilipokuwa la zamani. Kazi ya nusu saa.

Upande mmoja alikuwa Bukuru, mzee wa makamo, mkulima wa maharage na mihogo. Upande wa pili alikuwa mjane tuliyemwita Mama Minani, kwa jina la mwanawe. Kati yao ulipita mstari wa minyaa. Nyie wa mjini mnaujua kama ua tu. Huku kwetu minyaa ya mpakani haipandwi na mtu mmoja. Mwenye shamba huchimba na kuchomeka, jirani hushindilia udongo kwa mguu wake, na watoto wa nyumba zote mbili huitwa waone. Mguu wa jirani ndiyo sahihi yake. Minyaa ile ilikuwa imepandwa na baba mkwe wa Mama Minani, na aliyeshindilia alikuwa baba yake Bukuru.

Jiwe la juu tulilikagua alasiri, likakaa sawasawa. Halafu tukapata pancha, tukapoteza muda, na nilipofika pembe ya chini jua lilikuwa limeshazama na tunamulika kwa tochi za simu. Mashine ikaanza vituko. Kwenye kioo inaandika kama imeshika au inaelea. Ikishika, unaiamini. Ikielea, unasubiri. Ikawa inashika kidogo, inaachia, inaelea. Setilaiti zilizokuwa kumi na nne zikawa tisa, zikawa tano, zikapanda kumi na moja, zikashuka sita. Nikaupangusa mlingoti kwa kitambaa, kana kwamba tatizo ni vumbi. Dereva alipiga honi, maana barabara ya kurudi Kasulu aliijua na hakuipenda gizani. Mashine ikashika tena kwa muda wa kumeza mate, nami nikabonyeza.

Pale iliponielekeza palikuwa ndani ya shamba la Mama Minani, hatua sita kupita minyaa.

Sikumwona amekuja. Nilimsikia pembeni yangu, mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, ameweka kiganja juu ya kitu ambacho nilidhani ni kichuguu. Nikamulika. Lilikuwa kaburi la mumewe, limezungushiwa mawe, hatua tatu tu kutoka kwenye minyaa. Kwa kipimo changu lilikuwa limehamia kwa Bukuru.

Mama Minani hakupiga kelele. Aliniambia hivi, na nayakumbuka kama yalivyo: "Mwana wanje, mwanangu, mume wangu amelala hapa. Nafasi yangu ni hii pembeni yake, tuliiacha makusudi. Usinihamishe."

Nami, vijana, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilimwambia minyaa hupandwa na watu na watu hukosea, lakini setilaiti hazikosei. Nikamwuliza Bukuru kama anakubali jiwe. Bukuru alitazama chini muda mrefu, akakuna shingo, kisha akasema mtaalamu akishasema yeye atabisha na nini. Nikasimika jiwe. Nikajaza fomu, nikasaini, wakaweka vidole gumba. Tena nikaongeza baya zaidi: nikaagiza minyaa ya sehemu ile ing'olewe ili isije ikaleta mkanganyiko na mstari mpya. Iling'olewa wiki ileile. Nilisikia kwamba utomvu wake mweupe ulimrukia Mama Minani jichoni akiwa amesimama karibu mno, akashinda siku mbili amefumba jicho.

Kipimo kimoja. Jioni. Sikurudi asubuhi.

Ningeweza kufa bila kujua kosa langu, kama si Mkongomani mmoja. Mwezi wa kumi na mbili nilipita Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa shughuli ya kupima visima, na nikakaa kupumzika na mtu aliyekuwa anatunza simu ya setilaiti ya shirika moja la misaada. Wote walimwita Papa Amani. Mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi katikati ya vumbi lile. Tukawa tunalalamikiana vyombo vyetu kama watu wanavyolalamikiana wakwe. Nikamweleza jinsi mashine yangu ilivyonisumbua jioni moja. Hakucheka. Alikwenda kuleta daftari la shule lenye jalada lililochakaa.

"Ndugu, miye nilizania simu yangu ni mugonjwa," aliniambia. "Nikabadirisha betri, nikabadirisha antene. Njo nikaanza kuandika mu kaye, mu daftari hii. Ona: mwezi wa kenda, mwezi wa kumi, na mwezi wa tatu, kila magaribi inakatika-katika. Asubui, muzuri kabisa. Kitu kinakatika saa ileile kila siku haiko simu. Ni mbingu."

Nilipekua daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Mtu asiyekwenda mafunzo ya siku tano alikuwa amefanya alichofundisha Mzee Ndabise: amerudia, na amerudia, na ameandika. Nikatafuta siku yangu ya Nyakitonto. Ilikuwepo. Saa moja na nusu jioni mpaka saa nne, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, hakuna mawasiliano.

Niliporudi nyumbani nilimpigia simu mkufunzi wetu wa zamani. Nilipomweleza, naye akanieleza kile ambacho siku tano hazikutosha kukisema. Ni kweli kwamba ncha za dunia zina taabu yake, chembe za kutoka kwenye jua zinamiminika kule na kuvuruga anga. Lakini na sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tuna ya kwetu. Jua likizama, lile tabaka la juu linalotupitishia mawimbi halitulii mara moja. Linachemka, linatoa mapovu makubwa yasiyoonekana, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanatetemeka kama kokoto unayoitazama chini ya maji ya kijito. Kokoto iko palepale, ila jicho linakuonyesha pengine. Huzidi mwezi wa tatu, na mwezi wa tisa na wa kumi, na huzidi zaidi miaka ambayo jua lenyewe lina fujo. Hakuna pazia la kijani la kukuonya. Mbingu inakuwa safi, nyota zote zipo, nawe umesimama bondeni Nyakitonto unasaini.

Wiki ile nilikwenda peke yangu. Niliazima pikipiki, nikafika saa mbili asubuhi, nikasimamisha mlingoti. Mashine ilishika mara moja, ikatulia. Nikapima, nikasubiri saa nzima, nikapima tena. Mahali pa jiwe palikuwa kwenye visiki vya minyaa, kisiki cha mwisho, kana kwamba yule mzee aliyeipanda alikuwa na setilaiti yake. Jiwe langu lilikuwa hatua sita mbali, ndani ya shamba la mjane.

Sasa nawaambia lililo baya, na ndilo lililonifanya niandike haya. Nilifungasha vyombo vyangu nikaondoka bila kumwambia mtu.

Nilikuwa na sababu, na kila moja ilionekana ya maana. Nilibakiza muda mfupi kustaafu. Nilikuwa nimesaini fomu. Nikikiri kosa moja, si wataniuliza na mengine ya jioni nyingine? Nikajiambia wacha mvua zipite, maana katikati ya mvua hakuna anayeshughulika na mipaka. Nikajiambia shamba halikimbii. Nilimwona Mama Minani kwa mbali siku ile, anapalilia mahindi upande wa juu wa nyumba. Aliinua mkono kunisalimu, nami nikainua wangu.

Alifariki mwezi wa pili, kwa homa ya siku chache.

Habari nilipata kwa Minani, mwanawe mkubwa, aliyekuja ofisini Kasulu akiwa amelowa mpaka ndani ya viatu. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kuniuliza kama kuna karatasi yoyote inayoweza kumruhusu mama yake alale pale alipopataka. Bukuru alikuwa amekataa. Si kwa roho mbaya, Minani mwenyewe alikiri. Lakini kwetu kaburi ni ushahidi kuliko hati, na kumzika mtu kwenye ardhi yako ni kuwapa wajukuu wake neno la kusema kesho. Bukuru alikuwa ameonyesha fomu yangu. Wazee wa kijiji waliisoma, wakaona sahihi, wakanyamaza. Na maiti haisubiri. Minani aliponiambia haya walikuwa wameshamzika mama yake jana yake, upande wa pili wa nyumba, kando ya njia, na alichotaka sasa ni kujua kama siku moja wataweza kumhamisha.

Nilimwambia akae. Nikamwambia yote: jioni ile, mashine iliyoelea, daftari la Mkongomani, asubuhi niliyokwenda kimya. Nilimwambia na tarehe niliyokwenda. Akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo ulijua wakati mama bado anatembea," alisema.

Nikasema ndiyo. Akaniaga kwa adabu, Shikamoo yake ileile aliyoingia nayo, akatoka kwenye mvua. Afadhali angenitukana.

Mkutano wa kijiji uliitwa mwezi wa tano, ardhi ilipokauka. Nilisimama mbele ya watu nikasema nilikosea, na kwamba nilijua miezi miwili kabla ya msiba na sikusema. Mkubwa wangu wa kazi alikuwepo, na barua aliyoniandikia baadaye niliistahili. Nikawaeleza habari ya anga kwa Kiswahili na kwa Kiha, na watu walisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kikongwe mmoja alisema hata yeye redio yake humkwaruza magharibi. Kisha Bukuru akasimama. Nilidhani atatetea jiwe.

"Mimi mpaka nilikuwa naujua, mtaalamu," alisema. "Baba yangu aliushindilia nikiona. Ni wewe uliyeniambia sijui."

Akaketi. Nimepewa barua nyingi za onyo katika utumishi wangu, hakuna iliyoniuma hivyo.

Siku ya kurudisha mpaka nilipima asubuhi, nikalala kijijini, nikapima asubuhi ya pili. Jiwe likang'olewa, likarudi pake. Minyaa mipya ilikuwa imekatwa tayari, imelazwa kivulini ili utomvu ukauke. Minani alichimba mashimo, Bukuru akashindilia kwa mguu, watoto wa nyumba zote mbili wamesimama mstari. Shimo la mwisho, lililo karibu kabisa na kaburi la baba yake, Minani hakulipanda. Alinipa mimi ule mche. Nikachomeka. Bukuru alikuja na mguu wake akashindilia, taratibu, mara tatu.

Niliuliza kuhusu mama. Minani alisema wamekaa kama ukoo wakajadiliana, na wameona mtu akishalala asiamshwe. Atabaki kando ya njia.

Vijana, mtapewa mashine bora kuliko yangu. Zingine, naambiwa, zinakuonya zenyewe anga likichafuka. Zisikilizeni. Msisimike jiwe baada ya machweo miezi ile niliyowatajia, dereva apige honi mpaka betri iishe. Na mkimkuta mama ameweka kiganja juu ya kitu gizani, zimeni kioo kwanza, mwulizeni ni nini. Lakini mkisahau hayo yote, shikeni hili moja: anga lilinidanganya jioni moja tu. Miezi miwili iliyofuata ilikuwa yangu mwenyewe.

Nimeshastaafu, na kila nikipata nafasi huchukua bodaboda kwenda Nyakitonto. Minyaa imenipita kimo. Kutoka kaburi la mume hadi kaburi la mke ni hatua sitini na mbili. Nilizipima asubuhi, nikarudi kuzipima asubuhi ya pili. Hazikupungua.